Wanafunzi wangu wa alfajiri wamebaki wanne: je, yoga ina saa yake?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa yoga hapa Mbeya mjini, nina umri wa miaka 36, nimeolewa na nina watoto wawili wanaosoma shule ya msingi. Kazi hii nilijifunza Dar es Salaam kwa mwalimu ambaye hadi leo namheshimu kama mzazi, kisha miaka miwili iliyopita nikarudi nyumbani, nikakodi chumba kikubwa maeneo ya Forest chenye sakafu ya saruji na madirisha yanayotazama magharibi, nikaanza kufundisha. Nina makundi matatu. La kwanza huanza saa 11:30 alfajiri, la pili saa 7:00 mchana kwa ajili ya wafanyakazi wanaotumia muda wao wa chakula, na la tatu saa 1:00 usiku hadi saa 2:15. Makundi yote nayafundisha mfululizo uleule, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa mimi: salamu za jua (mikao ya kuinama na kuinuka inayofuatana bila kukatika) mizunguko 12, mikao ya kusimama, kuinama mbele, kupinda mgongo kwa nyuma, kisha mazoezi ya pumzi, na mwisho kulala chali. (Jina la "mkao wa maiti" nililiacha wiki ya kwanza kabisa, baada ya mama mmoja kukunja mkeka wake na kusema kwamba yeye hajafa bado.)

Mwezi wa tatu kundi la alfajiri lilikuwa na watu 14. Tangu kipupwe kiingie wamekuwa wakipungua mmoja mmoja bila kuaga, na wiki hii wamekuja wanne tu, wote wakiwa na masweta na soksi, na mmoja wao, mwalimu mstaafu mwenye presha, hakuvua kofia yake ya sufi hadi tulipomaliza. Ili kupunguza baridi nimekuwa nikiwasha jiko la mkaa na kuliweka pembeni mwa chumba, madirisha nikiwa nimeyafunga. Hata hivyo miili yao haifunguki, na salamu za jua wanazifanya kama watu waliofungwa kamba.

Kundi la mchana nalo lina yake, kwani wengine huja wameshashiba wali na maharage, na wengine huja bila kula chochote tangu asubuhi wakaishia kutetemeka. Wa jioni ndio wanaofanya vizuri kuliko wote, lakini wanalalamika kwamba siku za yoga wakipanda kitandani macho huwa makavu hadi saa 6 usiku.

Mimi mwenyewe nalala saa 5 usiku na kuamka saa 10 alfajiri. Tangu mwezi wa tano sijafanya mazoezi yangu mwenyewe hata siku moja, na mwili wangu unaingia kwenye mikao pale tu ninapowaonyesha wengine. Wiki tatu zilizopita, dakika chache baada ya darasa la alfajiri kuanza, niliinama kuwaonyesha jinsi ya kushika vidole vya miguu, nikasikia kitu kimekaza kiunoni. Tangu siku hiyo siwezi kufunga kamba za viatu asubuhi bila kuketi, na cha ajabu ni kwamba ikifika alasiri maumivu yanakuwa yameondoka yenyewe.

Nilimpigia simu mwalimu wangu. Alinijibu kwamba yoga ni ya alfajiri kabla ya jua kutoka, kwamba saa hiyo ndiyo waliyoichagua wahenga wa India, na kwamba anayeshindwa na baridi ashindane kwanza na uvivu wake. Mume wangu anasema nilifunge kundi hilo nilale. Nikilifunga naogopa kwamba nitakuwa nimekiuka nilichofundishwa, na kodi ya chumba nayo hainisubiri. Je, ni kweli kwamba yoga ya saa nyingine haina faida?

Ndaga fijo, Mama.

Mwalimu wa Forest, Mbeya

* * *

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijagusa habari ya saa, naomba jiko hilo la mkaa litoke ndani leo hii. Mkaa unaoungua mahali palipofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kubeba hewa ambayo mwili unaihitaji. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, yaani mambo yaleyale ambayo mwanafunzi wako akiyasikia alfajiri atadhani ni njaa au usingizi. Nawe unawafungia madirisha, kisha unawaambia wavute pumzi ndefu waijaze hadi tumboni. Sisi watu wa nyanda za baridi tunazijua habari za waliolala na jiko ndani wasiamke, na sitaki darasa lako liongeze habari hiyo. Jiko likae nje likichemsha maji ya tangawizi watakayokunywa wakimaliza, na joto la ndani litafutwe kwa blanketi na kwa saa inayofaa, ambayo ndiyo uliyoniuliza.

Hebu tuanze na jua, kwa maana mwalimu wako anapigia hesabu jua la Dar es Salaam wakati wewe unaamka chini ya jua la Mbeya. Saa za ukutani ni zilezile nchi nzima, lakini Mbeya iko magharibi sana, na katika majira haya ya mwezi wa sita na wa saba jua linachomoza kwenu karibu saa 1:00 kamili asubuhi, takriban nusu saa nyuma ya Dar es Salaam. Saa zetu za Kiswahili zinahesabiwa tangu kuchomoza jua, na ndiyo maana saa moja inaitwa saa moja. Lakini Julai huko kwenu saa moja inagonga ndipo jua linachungulia. Kwa hiyo darasa la saa 11:30 linaanza saa moja na nusu nzima kabla ya jua, katika mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, katika saa za baridi kuliko zote za usiku, wakati wenzetu wa uwanda wa juu wa Kitulo wanaamka wakakuta sakitu kwenye majani. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayeamka saa hiyohiyo anakanyaga sakafu ambayo haijapoa. Wako anakanyaga saruji iliyopoa tangu jana jioni. Mimi hapa Iringa nina desturi ya kuweka kiganja sakafuni kabla watu hawajaingia, na nikishindwa kukiacha hapo hadi nihesabu 30, siku hiyo hakuna atakayelala chali bila blanketi mbili chini yake, na mara nyingi huwa hatulali kabisa bali tunapumzika tumeketi.

Hata Siku ya Kimataifa ya Yoga, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2014, iliwekwa tarehe 21 Juni kwa sababu huko kaskazini mwa dunia ndiyo siku yenye mchana mrefu kuliko zote. Kwetu sisi wa kusini mwa ikweta siku hiyo ndiyo yenye mchana mfupi kuliko zote, na iko katikati ya kipupwe. Silaumu waliopanga, ninachosema ni kwamba kalenda ya mtu mwingine haiwezi kuvaliwa bila kupunguzwa mikono.

Sasa turudi kwenye mwili wenyewe. Joto la ndani la mwili wa binadamu halikai mahali pamoja kutwa nzima. Hushuka hadi chini kabisa saa mbili hivi kabla ya muda ambao mtu amezoea kuamka, kisha hupanda taratibu hadi kilele chake mwishoni mwa alasiri na mwanzoni mwa jioni, na tofauti kati ya chini na juu ni kama nusu digrii hadi digrii moja. Ni kiasi kidogo kwenye kipimajoto, lakini misuli inakijua: alasiri hunyooka kwa urahisi zaidi, viungo havigomi, na mtu huwa na nguvu zaidi kuliko alfajiri. Jambo hili haliletwi na jua peke yake, kwa kuwa hata mtu aliyekaa kwenye chumba kisicho na dirisha mwili wake huendelea kuhesabu saa zake. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha, kwa kuwachunguza nzi wadogo wa matunda, jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Mwanafunzi wako aliyefanya salamu za jua kama amefungwa kamba hakuwa mvivu, bali alikuwa bado yuko usiku.

Kiuno chako nacho kina maelezo yake. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini ambavyo mtu akilala hufyonza maji na kuvimba, na ndiyo sababu kila mmoja wetu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyolala, kwa sentimita moja au zaidi kidogo. Kisahani kilichojaa maji ni kigumu kupinda, na mtu anapoinama mbele kwa nguvu saa hiyo, kani inayobanwa kwenye visahani na kwenye kano za mgongo huwa kubwa kuliko anapofanya hivyohivyo alasiri. Karibu nusu ya maji hayo ya ziada hutoka ndani ya saa moja ya kwanza ya kusimama na kutembea. Wewe uliinama ukashika vidole ikiwa ni saa moja na nusu hivi tangu utoke kitandani, mwili ukiwa baridi, na hiyo ndiyo tafsiri ninayoiona ya maumivu yanayokuja asubuhi na kuondoka alasiri. Hata hivyo mimi si daktari wako. Ukisikia maumivu yanashuka mguuni, au ganzi, au mguu kukosa nguvu, usisubiri barua yangu ya pili, nenda hospitali. Na ukiona unashindwa kuzuia mkojo au choo, nenda siku hiyohiyo. Kwa sasa, usiiname mbele kwa kunyoosha magoti ndani ya saa mbili za kwanza tangu uamke, wala usimwelekeze mtu mwingine kufanya hivyo.

Nije kwa mwalimu wako, ambaye sitaki umvunjie heshima, kwa kuwa nusu ya maneno yake ni kweli. Katika mapokeo ya Kihindi kuna muda unaoitwa brahma muhurta, unaoanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza na kudumu dakika 48, na ambao tangu zamani unasifiwa kwa kutafakari, kusoma na kusali. Ukipiga hesabu kwa jua la Mbeya la Julai, muda huo unaanza kama saa 11:24 na kwisha kama saa 12:12, kwa hiyo darasa lako limekaa ndani yake barabara. Lakini tazama ulisifiwa kwa kazi gani. Alfajiri tumbo ni tupu, simu haijaita, watoto wamelala, na akili haijaanza kugombana na mtu. Huo ni utajiri mkubwa kwa pumzi na utulivu, wakati kwa kupinda mgongo kwa nguvu hauna msaada wowote. B.K.S. Iyengar, mwalimu mashuhuri wa yoga wa India ambaye hakuna mwalimu wa yoga anayeweza kumwita mvivu, aliandika mwaka 1966 kwamba saa nzuri za mikao ni asubuhi na mapema au jioni, akakiri waziwazi kwamba asubuhi mwili ni mgumu ingawa akili ni safi, na kwamba jioni mikao huja kwa urahisi zaidi. Na ukirudi nyuma zaidi, Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinaelekeza mazoezi ya pumzi yafanywe mara nne kwa siku: alfajiri, adhuhuri, jioni na usiku wa manane. Kitabu hichohicho, katika kutaja mambo ambayo mwanayoga ayaepuke, kinataja kuoga alfajiri na kuutesa mwili. Hao ndio wahenga wenyewe. Ukizungumza naye tena, mwambie hayo kwa upole, kisha umkaribishe aje afundishe wiki moja Mbeya mwezi huu, saa 11:30, bila jiko.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba usiliue kundi la alfajiri bali ulihamishe na kulibadilisha kazi. Kwa kipupwe hiki libaki siku mbili kwa wiki, lianze saa 12:10 na kumalizika saa 12:55, ili wanaotakiwa ofisini saa 1:30 wawahi, na ili wanafunzi wako Waislamu, ambao najua wapo hata kama hukuwataja, waswali alfajiri yao kwa utulivu kabla ya kuja badala ya kuchagua kati ya adhana na mkeka. Mtu aingie na sweta lake na soksi zake, na asiambiwe kuvua. Waanze kwa kutembea kuzunguka chumba, kisha waviringishe mabega, kisha wasimame mbele ya ukuta viganja vikiwa vimeugusa na kusukuma taratibu kana kwamba wanataka kuuhamisha, hadi utakapoona mtu wa kwanza anapandisha mikono ya sweta. Hiyo ndiyo ishara yako; kabla ya hapo usiwashushe sakafuni. Salamu za jua zikiwepo ziwe mizunguko mitatu au minne, magoti yakiwa yamekunjwa kila wanapoinama. Muda uliobaki upe pumzi, kwa kuvuta na kutoa kwa pua, kwa sababu hewa ya Mbeya ya saa hiyo ni baridi na kavu, na pua huipasha na kuitia unyevu kabla haijafika kifuani. Mwenye pumu usimfanyishe pumzi za haraka kabisa katika saa hiyo.

Yule mwalimu mstaafu mwenye kofia ya sufi namhurumia kwa namna ya pekee. Mstaafu hana ofisi ya kuwahi, sasa kwa nini awe wa kwanza kuamka? Shinikizo la damu hupanda mtu anapoamka, na imejulikana kwa miaka mingi kwamba mshtuko wa moyo hutokea zaidi katika saa za asubuhi kuliko saa nyingine. Mhamishie saa 4:00 asubuhi, jua likiwa limeshapanda, na ukipata wastaafu wengine wawili watatu au akina mama wenye watoto wachanga utakuwa na kundi jipya bila kulitafuta mbali. Hata saa hiyo asibane pumzi, wala asipitishe kichwa chini ya kiuno, mpaka daktari wake aseme.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, mwanangu. Umeniambia jambo ambalo wewe mwenyewe hukulipa uzito: madirisha yako yanatazama magharibi. Chumba hicho ni jokofu asubuhi, lakini kuanzia saa 8 alasiri jua linaingia ndani na sakafu inapata joto, saa zilezile ambazo miili ya watu inapanda kuelekea kilele chake. Nawe katika saa hizo huna darasa hata moja. Watumishi wa serikali, wakiwemo wale walimu na wauguzi wa zamu ya asubuhi, wanatoka kazini saa 9:30. Fungua darasa la saa 10:15 alasiri hadi saa 11:15, na hapo ndipo uweke ule mfululizo wako kamili kama ulivyofundishwa, pamoja na mizunguko yako 12, kuinama na kupinda. Likiisha saa 11:15 watu watawahi mazoezi ya kwaya, ambayo kwa Mbeya ninayoijua mimi huchukua wanafunzi wengi kuliko baridi inavyochukua. Nadhani baadhi ya wale kumi waliopotea utawakuta hapo, ingawa si wote, na ndiyo maana usilifunge lolote kabla hujaliona hili la alasiri limesimama kwa mwezi mmoja.

Kuhusu mchana sina mengi. Ule uzito wa saa 7 hadi saa 9 haumjii mtu kwa sababu ya wali peke yake, kwa kuwa hata asiyekula huusikia. Ni sehemu ya saa ya mwili. Iyengar alishauri zipite saa nne baada ya mlo mzito kabla ya mikao, na mfanyakazi mwenye saa moja ya mapumziko hawezi kuzipata. Wafundishe kwa dakika 35 wakiwa kwenye viti, shingo, mabega, mikono na mgongo, waambie wale ndizi moja au mbili saa 5 asubuhi na chakula chao wale wakitoka kwako. Atakayekuja ameshiba akae pembeni na pumzi zake.

Kundi la jioni linahitaji zaidi, kwa sababu hapo unawanyima watu usingizi kwa jambo ambalo walikuja kulitafutia usingizi. Kwa mwezi huu jua linatua Mbeya kama saa 12:40, nawe saa 1:00 usiku unawaamuru watu walisalimie mara 12. Limeshaondoka! Ili mtu alale, joto la ndani ya mwili wake linatakiwa lianze kushuka, na homoni ya melatonini, ambayo giza huiruhusu na mwanga huizuia, inatakiwa ianze kupanda. Wewe katika saa hiyo unawapasha joto, unawapindisha migongo kwa nyuma, mikao ambayo walimu wengi tunajua kwamba huchangamsha, na yote hayo chini ya taa kali ya dari. Kisha wanapanda bajaji wakiwa wamechangamka kama watu waliotoka harusini. Lianzishe saa 12:30 ikiwezekana, liishe saa 1:30. Mambo yanayotoa jasho yakae kwenye dakika 15 za kwanza, kisha kila kitu kishuke: mikao ya kuketi na kuinama mbele taratibu, kila mmoja dakika mbili au tatu badala ya pumzi tano, miguu juu ya ukuta, na pumzi ambayo kutoka kwake ni kurefu kuliko kuingia kwake. Zima taa ya dari na uwashe moja ndogo ya pembeni. Punguza pia sauti yako. Nimewaona walimu wanaoamrisha watu watulie kwa sauti ya kondakta wa daladala, na nilikuwa mmoja wao kwa miaka. Wakilala chali wafunike mapema, kabla mwili haujapoa, kwa sababu aliyeanza kutetemeka hatapumzika tena hata umletee blanketi ya tatu.

Limebaki lako. Kulala saa 5 na kuamka saa 10 ni saa tano za usingizi, na hakuna pumzi itakayozilipa zile mbili unazokosa. Kwa ratiba hii mpya utaamka saa 11:15 siku mbili tu kwa wiki, na siku nyingine utaamka na watoto. Halafu umeandika sentensi ambayo imenikaa moyoni kuliko kiuno chako, kwamba mwili wako unaingia kwenye mikao pale tu unapowaonyesha wengine. Mwalimu anayeonyesha huonyesha akiwa hajapasha mwili, huonyesha upande mmoja tu, na macho yake yako kwa watu 14 badala ya kuwa ndani yake. Ukiongeza na maneno anayoyasema akiwa amepinda, pumzi yake yote imekwenda kwenye mdomo. Huko ni kufanya kazi, na huwezi kukuita mazoezi. Acha kuonyesha alfajiri. Simama, tembea katikati ya mikeka, elekeza kwa maneno, na mkao mgumu mwombe mwanafunzi ambaye mwili wake umeshapata joto awaonyeshe wenzake. Utagundua pia ni maneno yako gani yalikuwa hayaeleweki.

Saa yako mwenyewe iwe saa 3:00 asubuhi, watoto wakiwa shuleni na yule mstaafu akiwa bado njiani. Dakika 40 zinatosha, simu ikiwa chumba kingine, mlango umefungwa, bila kupanga darasa la kesho kichwani. Ukiulizwa ulipo, mumeo aseme una mwanafunzi.

Jua litaanza kurudi upande wetu polepole. Mwishoni mwa mwezi wa tisa litakuwa linachomoza kwenu kama saa 12:35, na ikifika katikati ya mwezi wa kumi kama saa 12:20, hapo saruji yako itakuwa imeacha kuuma na mvua hazijaanza. Rudisha darasa la alfajiri siku nne kwa wiki kuanzia wakati huo, saa 12:00 kamili, weka kiganja sakafuni uhesabu, na wale wanne waliokuja na masweta wiki hii wasilipe mwezi wa kwanza.

Kamwene.